Mkia Haukuitika

Kama kuna mtu Majengo nzima aliyefundishwa kusubiri mpaka akahitimu, ni Elias Lyamba, na ndiyo maana hakuna kitu alichokichukia kama kusubiri. Alikuwa na boksi nyuma ya karatasi za kuchapishia, limejaa nakala za barua alizoandika tangu Mpanda iko chini ya Rukwa: kwa kata, kwa wilaya, kwa mkoa, kwa magazeti, na barua za kukumbushia barua. Katika miaka ishirini na tano zilijibiwa mbili. Moja kati ya hizo ilikuwa ya mtu mwingine, ikaingizwa kwenye bahasha yake kwa makosa.

Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa mashine iliyotupwa na shirika moja wakati linafunga virago. Aliifungua kwa bisibisi ya redio, akaifunga, ikagoma, akaifungua tena. Sasa alikuwa na duka la kuchapisha, kutengeneza na kutuma, na mtu akimwuliza amesomea chuo gani alimjibu, "Chuo cha Nimechoka Kudanganywa."

Jumatatu saa nne asubuhi akapigiwa simu na Wakili Recho, mwanasheria wa kujitolea aliyekuwa Dodoma.

"Kaka Elias, jopo limefunga mlango. Ushahidi wote uwe umeingia Ijumaa saa kumi alasiri. Ile ya WhatsApp niliyowapelekea wameikataa."

"Wameikataa kwa nini?"

"Imebanwa, alama kwenye miti hazisomeki. Wanataka picha zenyewe kama zilivyotoka kwenye kamera, na rekodi za mashahidi nzima nzima, zisizokatwa hata sekunde. Kuna watu waliwahi kuwaletea za kuunga-unga, sasa tunalipia sisi."

Hilo jopo ndilo lilikuwa linaamua kama mstari mpya wa hifadhi ya msitu, kule Ugalla, utaruka au utameza miti ya mizinga ya koo arobaini na moja. Mistari ya ramani huchorwa na watu ambao hawajawahi kuumwa na nyuki hata mmoja. Lakini safari hii warina asali walikuwa na kitu mkononi: picha za miti yenye alama za koo zilizochongwa na babu zao, mti kwa mti, na rekodi ya Bibi Katarina. Bibi huyo alizaliwa kwa baba asiye na mtoto wa kiume mkubwa, akapelekwa porini kama mvulana, akajua alama zote arobaini na moja: hii ya nani, ilichongwa lini, ilirithiwa na nani. Hakukuwa na mwingine. Elias alimrekodi mwezi wa kumi na moja, kwa kamera nzuri ya kuazima, saa tatu na nusu amekaa kwenye kigoda anaongea. Mwezi wa nne, mvua za mwisho mwisho, Bibi Katarina akafariki.

Kwa hiyo kilichobaki cha Bibi kilikuwa faili moja la gigabaiti tisini. Ukijumlisha picha za miti, sabini, na wazee wengine sita, hamsini, unapata mia mbili na kumi.

"Mia mbili na kumi," alisema Séverine, binti aliyekuwa akifanya naye kazi dukani. Alikuwa mtoto wa Katumba, yale makazi ya wakimbizi, wa wale ambao babu zao walitoka Burundi na wao wenyewe hawajui Burundi inafananaje. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kichwa chake kilipiga hesabu kuliko kikokotoo. "Mstari wetu wa intaneti, kwa kupakia, unatoa megabiti sita kwa sekunde, ukipiga mistari minne kwa pamoja. Mia mbili na kumi kwa sita... siku tatu na saa sita. Bosi, tukianza saa sita leo, Alhamisi jioni imefika. Tunabaki na karibu siku nzima ya akiba, umeme ukikatika."

"Sita!" Elias akacheka kile kicheko chake cha pua. "Tumeuziwa arobaini. Mkataba ule pale ukutani, soma mwenyewe. Arobaini!"

"Mkataba ni karatasi. Mimi nimepima."

"Umepima kwa itifaki ya uvivu."

Na hapo ndipo walipoanza. Maana Elias hakuwa mjinga, hilo liwekwe wazi. Seva ya wakili ilikuwa ya kukodi, nayo ilikuwa Ujerumani, kwa sababu ndivyo nchi hii ilivyo: ushahidi wa miti ya Ugalla, ili ufike Dodoma, lazima kwanza upite Ulaya. Na zile itifaki za kawaida, yaani kanuni za kutumia data, zinazopita juu ya TCP, zina adabu ya kizamani. Zinatuma fungu la pakiti, vile vipande vya data, zinasimama, zinangoja upande wa pili useme "nimepata," ndipo zinatuma jingine. Pakiti moja ikipotea njiani, zinapunguza mwendo zenyewe, kwa woga. Kwa safari ya Mpanda mpaka Ujerumani na kurudi, huko kungoja kunakula muda. Yote hayo Elias aliyasoma usiku na mchana miaka mingi, na alikuwa sahihi.

"Ni kama kule porini kwa marehemu baba," alimwambia. "Tunatoka kurina, watu ishirini kwa mstari mmoja kwenye nyasi ndefu, kila mtu na mzigo wake kichwani. Wa mbele anasimama anaita, 'Mkia!' Wa nyuma kabisa anaitika, 'Upo!' Hajaitika, hakuna mtu kunyanyua mguu. Hatua mia mbili, 'Mkia!' 'Upo!' Mimi nilikuwa mkia miaka minne, najua. Maili tatu siku nzima! Halafu unaniambia mwaka huu wa leo nitume mali ya watu kwa mwendo wa mkia?"

"Lakini mlifika?"

"Tulifika tumezeeka!"

Séverine akacheka, hakukata tamaa. "Basi niandikie diski. Kesho alfajiri napanda basi mwenyewe, nakwenda kumkabidhi wakili mkononi. Kesho kutwa asubuhi anayo."

Kicheko kikamtoka Elias usoni kama kilichopanguswa.

"Hakuna kitu cha familia hii kitakachopanda basi tena," alisema.

Alikuwa na sababu. Mwaka tisini na tisa baba yake alikusanya alama za dole gumba za warina asali sitini, akaandika malalamiko ya eneo lile lile, akampa mtu mwaminifu apeleke kwa basi. Mtu alipeleka. Aliiacha bahasha mezani kwa karani, karani akamwambia, "Sawa mzee, nenda." Miezi minane baadaye walipofuatilia, ofisi ikasema haijawahi kuona kitu kama hicho. Hakukuwa na muhuri, hakukuwa na sahihi wala stakabadhi. Baba yake alikufa akisema, "Ilifika. Niliambiwa sawa." Elias alilibeba neno lile robo karne kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki.

"Mimi bibi yangu," Séverine alisema polepole, "alingoja cheti cha uraia mpaka akapinda mgongo. Kila stakabadhi aliyopewa aliitia kwenye mfuko wa chumvi, akaufunga. Ndizo zilizomwokoa. Bosi, mimi napenda kitu kinachosema 'nimepata.' Acha nianze."

"Nipe siku mbili nilinganishe. Nikishindwa, utaanza."

"Siku mbili za akiba hatuna, hata moja haijatimia!"

"Binti. Mbili."

Ndivyo alivyokuwa Elias. Wangempiga viboko angevumilia. Kilichomshinda ilikuwa kuambiwa ngoja ujibiwe.

Siku mbili akalinganisha. Alijaza daftari. FTP ya mstari mmoja: megabiti tatu. Rsync, ile inayoweza kuendelea pale ilipoishia umeme ukirudi: tatu na nusu. Rsync kwa mistari minne: sita, kama Séverine alivyosema. Kisha akaja kwenye UDP, itifaki isiyoomba ruhusa. UDP haingoji mtu aitike. Unaipa pakiti inatupa, unaipa nyingine inatupa, aliyedaka kadaka. Wenye akili zao wameijengea juu yake vyombo vya kutuma mizigo mikubwa, vyenye kuhesabu kilichopotea na kurekebisha mwendo. Elias akavikataa, navyo vilikuwa na kungoja ndani yake. Akaandika programu yake mwenyewe, mistari mia tatu, akaiita Sime. Sime ilikata faili vipande vyenye namba, ikavimwaga mfululizo, na mwishoni kabisa, kazi ikishakwisha, ndipo upande wa pili ungeorodhesha vilivyokosekana.

Jumanne alasiri aliijaribu kwa faili dogo. Kwenye kioo namba ikapanda: kumi na tano, ishirini na sita, thelathini na nane. Ikakaa hapo.

"Thelathini na nane!" Aliinuka kitini, akaigonga meza. "Njoo uone uvivu wa itifaki yako! Wametuficha barabara ya lami miaka yote, wanatupitisha kwenye matuta!"

Queen, fundi cherehani wa mlango wa pili, akachungulia. "Mnatuma nini leo, tembo?"

"Tembo na mtoto wake!" Elias akajibu.

Séverine alikuja akainama mbele ya kioo. "Hii namba ni ya kinachotoka hapa. Upande wa pili inasomaje?"

"Kilichotoka lazima kiingie mahali."

"Nipe ufunguo wa seva niangalie."

Ufunguo wa seva alikuwa nao yeye peke yake. Hakuwa mtu wa kugawa funguo. Aliyeibiwa mara moja hulala na mlango mgongoni. Akaangalia mwenyewe. Faili la majaribio lilikuwepo kule Ujerumani, ukubwa wake kamili, halikupungua hata baiti moja. "Lipo. Lote," akasema, akafunga.

Hakulifungua. Sime, kabla ya kumwaga chochote, ilianza kwa kutenga nafasi ya faili zima upande wa pili. Yeye ndiye aliyeiandika hivyo. Nafasi ilikuwepo. Mzinga mtupu ukiutundika mtini, kwa anayepita chini ni mzinga.

Jumatano mchana akafika Alois, mtoto wa kwanza wa Bibi Katarina, mzee wa miaka sitini na kitu, kutoka Ugalla: baiskeli mpaka barabarani, kisha lori. Kiti alichopewa hakukikalia. Alisimama kofia mkononi, akaitazama ile kompyuta kama anayetazama gari la wagonjwa.

"Mdogo wangu, Mama ameshaondoka?"

"Anaondoka saa nane hii, kaka. Kesho kabla hujanywa chai yupo Dodoma."

"Mwendo huo wote?"

"Mwendo huo wote. Hangoji mtu."

Alois akatikisa kichwa kwa mshangao na furaha. "Hajawahi kupanda hata treni," akasema.

Saa nane Elias akabonyeza. Namba ikapanda, ikakaa thelathini na nane. Séverine alikuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono, na hakusema kitu. Baadaye, katika mambo yote, hicho kimya ndicho Elias alichokikumbuka zaidi, maana alikijua. Ni kimya cha mtu ambaye amesema, hakusikilizwa, akachoka. Yeye mwenyewe alikuwa nacho kwenye boksi zima.

Alhamisi asubuhi kioo kikasema asilimia mia. Elias akampigia Wakili Recho kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Yamefika yote! Kwa muda wa saa kumi na mbili na nusu tu! Waambie hao wataalamu wao waje Mpanda wajifunze!"

"Hongera sana kaka. Ngoja kijana wangu ashushe tufungue moja."

Dakika arobaini. Alois alikuwa kwenye benchi, kikombe cha chai kinapoa. Simu ikalia.

"Kaka, haifunguki."

"Mna programu gani ya kuangalia video? Hizo zenu za..."

"Tumejaribu nne. Ya Bibi haifunguki. Za miti hazifunguki. Ukubwa upo, lakini ndani... kijana anasema ndani ni sifuri. Sifuri nyingi, na vipande vipande katikati."

Elias akaingia kwenye seva. Orodha ya vilivyokosekana, ile aliyoiweka mwisho kabisa kama mtu anayeahirisha kwenda hospitali, ilikuwa inamngoja. Aliishusha kwa kidole, ikaendelea kushuka, ikaendelea. Katika kila vipande sita kilifika kimoja. Ilikuwa kama kitabu ambacho kila sentensi imeng'olewa maneno matano, na hujui ni yapi.

Akakaa. Ukweli ulikuja wote kwa pamoja, na ulikuwa mdogo, wa kuaibisha. Mstari ulikuwa na upana wa sita. Ulikuwa wa sita tangu siku waliyounganishiwa, arobaini ilikuwa ukutani tu. Ile itifaki aliyoiita mvivu haikuwa mvivu: iliuliza, ikajibiwa "sita," ikaenda kwa sita. Yeye alimwaga thelathini na nane kwenye bomba la sita, na zilizozidi zilimwagikia huko njiani, hata Mpanda labda hazikutoka. Namba iliyomfurahisha siku mbili ilikuwa inapima jinsi anavyosema. Haikupima hata mara moja jinsi anavyosikika.

"Hesabu," alimwambia Séverine bila kumtazama. "Kuanzia sasa mpaka kesho saa kumi."

Séverine alikuwa ameshahesabu. "Saa ishirini na tisa. Gigabaiti sabini na nane, Mungu akipenda umeme ubaki."

"Na kwa basi?"

"Basi la alfajiri limeshaondoka. La kesho litaingia Dodoma usiku."

Sabini na nane. Miti ilikuwa sabini, ingeingia. Wazee sita walikuwa hamsini, wasingeingia pamoja nayo. Bibi alikuwa tisini, asingeingia, na kumkata walikatazwa. Hapakuwa na cha kuchagua, ila ilibidi mtu aseme. Elias alimgeukia Alois kueleza, akaanza na mambo ya pakiti, akaona mzee anamtazama mdomo kama kiziwi, akayaacha.

"Miti tutaiwahisha, kaka," akasema. "Mama hatutamuwahisha."

Alois alifikiri. "Miti bila Mama," akasema, "nani atawaambia ni ya nani?"

Elias akatoa ufunguo wa seva, akaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akampa Séverine, kisha akamwachia kiti.

Séverine alipiga mistari minne. Sita, ikakaa sita, usiku kucha na siku nzima, ikiuliza na kujibiwa. Hakuna aliyeshangilia. Ijumaa saa saba na ushei picha ya mwisho ya mti wa mwisho ikafika, na wakili akathibitisha zimefunguka zote, alama zinasomeka mpaka nyufa za gome. Kuanzia hapo mpaka saa kumi Séverine akamwanza Bibi Katarina hivyo hivyo, bila kusemezana na mtu, na saa kumi ilipogonga alikuwa amefika gigabaiti saba kati ya tisini. Uso wake tu, pengine, na salamu.

Saa kumi na dakika tatu Alois akavaa kofia.

"Nyie mmechoka, pumzikeni," akasema. Hakuwa na hasira. Angetukana, Elias angepata pa kujishika. Matusi alikuwa na uzoefu nayo.

"Kaka, njoo kesho asubuhi. Tumsikilize," Elias alisema, na maneno yakamshangaza mwenyewe alipoyasikia. Maana ndivyo ilivyokuwa: siku ile ya kurekodi alishika kamera saa tatu na nusu akiangalia betri, mwanga, nafasi ya kadi. Tangu hapo alimjua Bibi kwa uzito wa faili lake tu. Hakuwahi kukaa akamsikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi wakakaa watatu, mlango umerudishwa nusu. Bibi alianza na alama. Hii ya nyayo ya kanga ni ya akina fulani. Hii ya mikato mitatu ni ya baba yangu. Ukiona wa nne pembeni, huo aliuongeza mjomba, walikuwa wamegombana. Sauti haikuwa na haraka. Alois alicheka mara mbili, akafuta macho mara moja. Séverine aliandika. Na saa ya tatu, betri ya pili ikiwa karibu kuisha, Elias alijisikia mwenyewe kwenye rekodi akisema, "Endelea tu, Bibi," kwa ile sauti ya mtu anayetaka mtu mwingine amalize.

Bibi akaendelea.

"Sasa alama ya ndugu yangu, jina lake Sikujua, sijaisema. Haina mti siku hizi. Huyo alikuwa mkia. Mwaka ule mvua iliwahi, tukawa tunakimbia, mizigo mizito, asali ilikuwa nyingi, tumefurahi. Wa mbele akasema, leo tusiitane, tunapoteza muda, kila mtu anajua njia. Kweli tulitembea! Hatujawahi kutembea vile. Tukafika kambini jua bado juu, tukatua mizigo, tukachekana, tukasema kumbe tulikuwa tunajichelewesha bure. Baba akaja akatuhesabu." Hapo kwenye rekodi wanasikika kuku tu. "Tulirudi kumtafuta siku tano. Tuliona debe lake tu. Baba hakutugombeza. Alisema, nyie mmefika upesi. Basi. Mpaka anakufa alikuwa anatuambia vile tukimletea kitu: ahsante, mmefika upesi."

Alois alisema, bila kugeuka, "Hiyo alikuwa anatuambia kila mwaka kabla ya kwenda porini. Nilidhani umeisikia."

Elias hakuisikia. Siku ile alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Bibi, anaangalia betri.

Jumatatu iliyofuata alipanda basi. Yeye mwenyewe, diski kwenye mfuko wa shati, mkono juu yake Mpanda mpaka Dodoma kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Wakili Recho alimwambia kwenye simu haitasaidia, akaja kumpokea hata hivyo. Karani wa jopo alikuwa dada mpole mwenye mafua. Alieleza kwamba muda umepita, kwamba wajumbe wameshaanza kuandika, kwamba anaweza kuipokea kwa ajili ya jalada lakini haitasomwa.

"Ipokee," Elias alisema. "Niandikie umeipokea."

"Mzee, nimekwambia haita..."

"Nimesikia, dada yangu. Niandikie."

Akaandika. Diski moja, rekodi ya Bibi Katarina, tarehe, saa. Akagonga muhuri mara mbili: IMEPOKELEWA, na chini yake, kwa wino mwekundu, NJE YA MUDA. Elias alisimama pale kaunta na ile karatasi, watu nyuma yake wakimsukuma kidogo. Ilikuwa stakabadhi ya kwanza familia yake kupewa na ofisi yoyote tangu dole gumba za mwaka tisini na tisa. Alifikiri juu ya baba yake. Akafikiri kwamba mtu aliyeumizwa maisha yake yote na kukosa stakabadhi ndiye aliyekwenda kuchagua, kwa mikono yake, njia isiyo na stakabadhi, na akaisifia kwa mwendo.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Jopo lilikiri limeona alama nyingi za kale kwenye miti. Lilisema halikupata shahidi wa kuziunganisha na koo zinazodai, na wale sita waliotajwa maelezo yao hayakuwasilishwa. Mstari ukabaki ulivyochorwa. Elias aliisoma mara nne akitafuta wa kumkasirikia. Walikuwepo, wapo siku zote, na majina yao anayo: waliochora mstari, waliouza arobaini wakatoa sita, waliokataa sauti ya marehemu kwa sababu ya saa. Barua zao atawaandikia. Lakini kila alipoanza mstari wa kwanza, kalamu ilirudi Jumatatu ile, saa nne asubuhi, binti amesimama mbele yake na jibu mdomoni.

Alois alikuja mwezi wa tisa, kuchukua nakala ya rekodi kwa ajili ya wajukuu. Séverine akamwandikia diski, akaifungua mbele yake kwanza, mwanzo, katikati na mwisho, ili aone. Elias akampa na ile karatasi ya muhuri.

Mzee aliisoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo alifika."

"Alifika, kaka. Alichelewa."

Alois aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia, akavaa kofia. Akashuka ngazi, akaanza kuikokota baiskeli kuelekea barabara ya lori. Alipofika kama hatua mia mbili hivi, karibu na kona, Elias alikuwa bado mlangoni. Neno lilimpanda mpaka kooni, lile la utotoni, la kwenye nyasi: "Mkia!" Alifungua mdomo.

Kisha akaufunga, akaingia ndani. Aliogopa mzee angeitika, "Upo," wakati mkia yeye mwenyewe ndiye aliyeuacha njiani.